Mahali pa Chai, Njia ya Rusumo

Sogeeni, wanangu, mnisikilize, na wewe Conrad urudishe huo mlango, maana jirani zetu wa Kimironko wana masikio mazuri na leo Jumapili hawana kazi ya kuyapa. Sangwa, mwegemeze dada yako kwenye chupa ya chai, hapo hapo, nimwone uso. Trinah, najua huko Montreal ndiyo kwanza kunakucha, na nimeona umejifunga kitenge cha mama yako juu ya nguo ya kulalia, asante. Lakini ukiganda kama ulivyoganda siku ya Pasaka, mdomo wazi kama mtu aliyekamatwa na andazi la kuiba, sitakungoja, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo si ya kusubiri mtandao. Twahiru, ndugu yangu, kaa kwenye kiti cha marehemu mke wangu. Hakuna aliyekikalia tangu atutoke, na nadhani nacho kimechoka kupumzika.

Twahiru nimemwita kwa sababu anatakiwa shahidi asiye mrithi, na kwa sababu ndiye fundi aliyenipunguzia suruali zangu zote, mwaka hadi mwaka, kadiri mimi mwenyewe nilivyokuwa napungua, kwa hiyo hakuna mtu hapa Kigali anayejua vizuri zaidi ni kiasi gani changu kimebaki. Kiongozi wa mtaa alipita juzi kunijulia hali, akanishauri kwa upole kwamba wosia wa mdomo una matata yake, afadhali uandikwe, upelekwe kwa noteri upigwe muhuri, na mwenye wosia awepo mwenyewe. Nikamuuliza, awepo mpaka lini? Akafikiri sana, akasema, mpaka zamu yake ifike. Nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote, sijasikia jibu la kweli kuliko hilo.

Basi ya nyumba yameshaandikwa na muhuri upo. Nyumba hii ni yenu nyote watatu. Sikuikata vipande kwa sababu mkiwa na kitu kimoja mtalazimika kupigiana simu. Vitabu ni vya Sangwa, ambaye alivisoma, na gari ni la Conrad, ambaye analionea haya. Trinah, wewe chukua kitanda changu na mama yako. Najua hakiingii kwenye ndege, ndiyo maana nimekupa hicho, uje ukilalie. Hayo yalikuwa mepesi. Ninalotaka kulisema leo halina karatasi yake, kwa sababu linahusu kitu ambacho si mali yangu, na ofisi zote nilizozifahamu zilikuwa na utaratibu wa mtu kurithisha alicho nacho, sio asicho nacho.

Nitalisema kwa Kiswahili, kama tulivyogombana na kupatana humu ndani siku zote. Mimi na mama yenu tulikipata Karagwe, ukimbizini, tukarudi nacho Rwanda pamoja na magodoro. Kinyarwanda changu mnakijua, ni cha mtoto mdogo aliyevuka mto akiwa ameshikwa mkono. Mwili ulikua ng'ambo, lugha ikabaki pale ukingoni na umri wake uleule. Nikisema Kinyarwanda nikiwa na mvi hizi, watu huniangalia kama wanaomwona mtoto amevaa kofia ya babu yake.

Conrad, nimeiona simu yako hapo mezani na nimeona taa yake nyekundu. Usiifiche, irekodi. Najua sentensi unayoingojea, umeingojea tangu ule mwezi wa nane uliponipeleka Rusumo, na leo kila nikikohoa unaisogeza simu karibu kama daktari anayesogeza kipimo. Utapata sentensi yako. Ila itakuja na nyingine nyuma yake, nawe utazichukua zote mbili, huwezi kuchukua moja na kuniachia nyingine nikazikwe nayo.

Mlipokuwa wadogo, watoto wenzenu walikwenda likizo kwa bibi. Ninyi hamkuwa na bibi wa kwenda kwake, bibi zenu wote wawili wamelala kwenye udongo wa Karagwe. Nchi tuliyorudi ilikuwa kwetu kwa maneno, lakini mimi nilikuwa siijui zaidi ya kilima kimoja na mto mmoja, na mama yenu Mukasine, aliyezaliwa kulekule ukimbizini, alikuwa haijui kabisa. Ndipo nikasema, kwa kuwa hatuna mahali pa kwenda, tutakwenda kila mahali. Na kila Agosti tulikwenda. Tulikwenda Nyanza kwenye nyumba ya nyasi ya mfalme, ambako Sangwa alilia kwa sababu ng'ombe wa pembe ndefu alimtazama kama mwalimu. Tulikwenda makumbusho ya Huye, na Conrad akauliza kwa sauti ya kusikika na wote kwa nini tumelipa kuona vyungu ilhali mama anavyo jikoni. Tulinyeshewa Nyungwe, tukamwona nyani mmoja tu, naye akatugeuzia mgongo. Tulivuka mpaka hadi bustani za Entebbe, ambako mama yenu alisimama mbele ya kila mti akasoma kibao chake cha Kilatini, akiyatamka yale majina kana kwamba anawaita wajomba zake waje kula.

Mnakumbuka pia mlango wa makumbusho moja, ambayo siitaji nisije nikashitakiwa nikiwa maiti. Pale dirishani palikuwa na bango lenye aina tatu za binadamu: raia, mgeni mkazi, na mgeni. Karani wa tiketi, kijana amefunga tai, alinisikiliza nikimsalimu kwa Kinyarwanda changu kile, akaweka kalamu chini.

"Muzee, mumetoka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Kigali."

"Sawa, Kigali. Na mbele ya Kigali, mulikuwa wapi?"

"Mbele ya Kigali tulikuwa njiani."

Mama yenu akanivuta koti. "Baba Conrad, kata hizo tiketi za wageni tuingie, watoto wamebanwa na mkojo."

Sikukata. Nilisimama pale mpaka akaitwa mkubwa wake, na mkubwa akampigia mkubwa wake, nao baada ya kushauriana wakaturuhusu kuingia kama raia, wakati huo wafagiaji wakiwa wameshaanza kufunga madirisha. Hatukuona kitu. Lakini tulikosa kukiona tukiwa raia, na nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Trinah, unacheka au umeganda? Anacheka. Vizuri.

Katika safari zote hizo, moja hatukuiacha hata mwaka mmoja, nayo ni Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Akagera, mpakani na Tanzania. Mlichoka nayo. Habari zangu za Wajerumani wa kwanza waliovukia pale mlikuwa mnanimalizia kabla sijafika nusu. Na kila mwaka, kabla hatujafika kwenye maji, tuliacha lami, tukapanda kile kilima kwa njia ya vumbi, tukasimama penye mti mmoja mkubwa kando ya nyumba ndogo ya udongo, mama yenu akatandika mkeka, akafungua chupa hii hii aliyoegemezwa Trinah, nanyi mkapaita Mahali pa Chai. Hakukuwa na bango wala karani. Palikuwa na mwanamke wa makamo, Nyiraneza, aliyetoka na kibuyu cha maziwa kabla hatujamaliza kukaa, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na rundo la matofali ambalo ninyi mlilipanda na kuruka, mpaka anawakemea, "Shukeni, mtavunja miguu!" Mlidhani baba yenu anapapenda kwa sababu ya upepo.

Conrad alishajua, hao wawili hawajui, kwa hiyo nalisema mbele ya Twahiru. Mahali pa Chai palikuwa nyumbani kwa baba yangu.

Umeipata, mwanangu. Usiizime, bado.

Zamani, ua wa nyumba ulijengwa kwa matawi mabichi ya umuvumu yaliyochomekwa ardhini. Umuvumu ni mti wa ajabu, tawi lake halina habari kwamba limefanywa nguzo, linaota mizizi na kuendelea na mambo yake. Watu wakihama, au wakihamishwa, nyumba inaoza, paa linaanguka, lakini ua unabaki umesimama na kugeuka miti. Ndiyo maana katika nchi hii ukikuta mivumu mikubwa imejipanga kwa duara mahali pasipo na mtu, ujue palikuwa na boma la mkubwa fulani, na wenye mambo ya historia huja wakaweka kibao. Sisi hatukuwa wakubwa. Ua wetu ulibakiwa na nguzo moja, haina kibao, na nguzo hiyo nilimshikia baba mimi mwenyewe alipokuwa akiichomeka, ikiwa imenizidi kimo kidogo tu. Mara ya kwanza nilipowapeleka pale sikuwa na hakika mpaka nilipoona bonde lile na mwamba ule wa chini uliokaa kama ng'ombe amelala. Nikamwambia mama yenu kwa sikio. Akanishika mkono, akasema, "Sasa?" Nikasema, "Sasa mimina chai."

Mtauliza kwa nini sikudai. Serikali ilikuwa imesema kwamba aliyeondoka miaka mingi hivyo, akarudi akakuta mwingine ametulia kwenye shamba, amwache alipo, naye atatafutiwa pengine. Nililijua tangazo hilo vizuri, maana ndimi niliyepewa kulifasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzangu waliotoka Tanzania, na ni mara chache sana karani kukubaliana na kitu anachokifasiri. Nyiraneza na mumewe hawakumfukuza mtu, walipewa ardhi na ofisi ya wakati wao, kama mimi nilivyopewa kiwanja hiki na ofisi ya wakati wangu. Sikutaka shamba. Nilitaka kukaa chini ya ile nguzo mara moja kwa mwaka, nikiwaona ninyi mnaruka, bila mtu kuniuliza mbele ya hapo nilikuwa wapi. Na kwa kuwa sikuwa nataka kitu, nikaona adabu ni kunyamaza. Nikajiita mtalii.

Ngojeni... maji. Asante, Sangwa.

Sasa sikilizeni jinsi adabu ilivyotupeleka. Mnajua desturi yetu, mgeni haulizwi kilichomleta. Anakaribishwa, anakunywa, anazungumza habari za mvua, na kama ana neno lililomtoa kwake atalisema mwishoni, anaposindikizwa, wakiwa wamesimama njiani. Basi mnakumbuka Nyiraneza alivyokuwa akitusindikiza. Miaka ya kwanza alifika mtini. Baadaye akawa anafika kwenye mteremko, kisha kwa yule muuza chumvi, na mwishoni akawa anatushusha kilima chote hadi lami, polepole, mikono nyuma, akiniangalia. Mimi nilimwambia mama yenu, huyu mwanamke ana moyo, kila mwaka anaongeza safari. Mama yenu, ambaye alikuwa na akili kunishinda, alisema, "Anaongeza, ndiyo."

Kisha mkaondoka. Silalamiki, ndivyo inavyotakiwa, mtoto asiyeondoka naye ni tatizo la aina yake. Trinah akaenda kwenye theluji, Sangwa akaenda Kampala, Conrad akabaki Kigali hii hii, akawa mbali kuliko wote, ananitumia chakula kwa pikipiki, na yule dereva wa pikipiki nimemfahamu mpaka majina ya watoto wake. Mama yenu akafa. Baada ya msiba Conrad na Trinah mkakorofishana juu ya nani anichukue, kana kwamba mimi ni kabati, na tangu siku hiyo mnazungumza kupitia Sangwa kama nchi mbili zilizofungiana balozi. Nikabaki na nyumba ya vyumba vingi na redio.

Nikaendelea na safari zetu peke yangu. Agosti ikifika najaza chupa, nashuka na kofia yangu. Nilikwenda mpaka ile bustani mpya ya Nyandungu, hapa chini tu, nikakaa kwenye benchi lililotengenezwa vizuri, likiwa na nafasi ya watu wanne, na mlinzi kijana akaja kuniuliza, "Muzee, unangoja nani?" Nikamwambia nangoja wenzangu wamalize kuona ndege. Akarudi wakati wa kufunga, akasema, "Wenzako bado?" Nikamwambia hao hupenda sana ndege. Akanisaidia kusimama, wala hakuuliza tena. Nimekumbuka wema wa kijana yule kuliko ndege wote.

Rusumo nilikuwa napanda basi. Sikufika tena kwenye maji, naishia kwa Nyiraneza. Mumewe naye alikuwa amefariki, watoto wake wamekwenda mjini. Tulikaa wazee wawili, kila mtu na kikombe chake, tunaangalia bonde, tunazungumza maneno machache, na nawaambia ukweli, yale ndiyo yalikuwa mazungumzo bora niliyokuwa nayo kwa mwaka mzima. Nilikuwa narudi Kigali nimeshiba. Nilijiona nimepata rafiki, na kwa umri wangu rafiki mpya ni jambo la kuandikwa gazetini.

Mwaka huo wa mwisho Conrad alinipeleka kwa gari, kwa sababu miguu ilikuwa imeshajiuzulu. Tulipokunywa maziwa Conrad akatoka kwenda kuongea na simu. Nyiraneza akanisindikiza, na kwa kuwa siwezi kwenda mbali tukasimama palepale mtini. Akaweka mkono kwenye gome, akasema:

"Muzee, leo sema."

"Niseme nini, Mama?"

"Mtalichukua lini?"

"Kitu gani?"

"Usinifanye mtoto. Mume wangu alikujua siku ya kwanza. Alisema, yule mtu anautazama mti kama anautafutia jina. Kila mwaka mnakuja, mnakula, mnakunywa, mnakwenda. Ninakusindikiza useme, husemi. Nikaongeza safari, labda unaona aibu, husemi. Miguu yangu imekwisha kwa kukusindikiza."

Nikamwambia, na mnisamehe, "Sisi ni watalii tu."

"Mtalii gani anarudi kila mwaka kuangalia mti mmoja?"

Ndipo akaniambia habari ya matofali. Yale mliyokuwa mnarukia. Mwanawe aliyaleta ili amjengee nyumba nzuri, mwaka uleule tulipotokea mara ya kwanza, miaka ile ambayo upande wa mashariki kamba za kupimia zilikuwa zikipita kila kilima na watu wakigawana mashamba na sisi tuliorudi. Akamwambia mwanawe ayapange nyuma ya nyumba kwanza, tuone wale wenye gari wanataka nini. Hakutaka tuje tukute nyumba nzuri tukaitamani. Amelala kwenye nyumba ya udongo inayovuja maisha yote hayo, akingoja mgeni wake aseme neno. Na maziwa yale mlikuwa mnayagombania, hakuwa na ng'ombe. Aliyaomba kwa jirani kila Agosti, kwa sababu mtu anayekuja kukutoa kwako ni vizuri akutoe ameshiba.

Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yetu, wanangu. Tulipokuwa tunatandika mkeka, mtu alikuwa anafungasha moyoni mwake.

Kabla sijamjibu, Conrad akawa amefika nyuma yetu, amesikia nusu, na nusu hiyo ilikuwa ile isiyofaa. Kwenye gari hakuniuliza habari ya matofali. Aliniuliza, "Baba, mbona hukuniambia kwamba tuna shamba?" Baada ya wiki kadhaa akaniletea michoro. Vyumba vya wageni vya duara, vimeezekwa nyasi, njia ya mawe, maua, na mlangoni kibao chenye jina langu. Amenifanya kivutio. Twahiru, usicheke, michoro ni mizuri sana, hata mti ameuacha, ameuwekea taa.

Conrad, mwanangu wa kwanza, sikudharau. Najua hukufanya hivyo kwa tamaa tupu. Uliniona nimesimama pale siwezi kusema, ukataka nami niwe na mahali penye jina langu. Ulikuwa unanitetea mbele ya karani yule wa tiketi. Lakini unataka kupeleka sauti yangu kwa wasuluhishi, uanze na madai, na yakishindwa, kwa sababu yatashindwa, umwendee na bei ambayo mjane mwenye hofu hawezi kuikataa. Kesi hiyo wewe itakupotezea muda. Yeye itammaliza. Kwa hiyo sasa isogeze simu, sogeza kabisa, hii ndiyo sentensi ya pili: mimi Zephaniah, nikiwa na akili zangu, mbele ya Twahiru na mbele yenu, nasema shamba lile ni la Nyiraneza na la watoto wake, sikulidai, silidai, na mwanangu yeyote atakayelidai kwa jina langu amelitumia jina ambalo sikumpa.

Hapo sasa unaweza kuzima. Au iache. Ni juu yako.

Maji tena... Hapana, kidogo tu. Niinueni mgongo.

Sikumjibu siku ile, nanyi mnajua yaliyofuata, hospitali, kitanda, na kitanda tena. Nimejaribu kumwomba Mungu miguu kwa siku moja, na inaelekea ombi liko mezani kwa mkubwa wake. Kwa hiyo jibu nalirithisha kwenu. Ndilo la thamani kuliko nyumba.

Mkishanizika, wala msinijengee makubwa kule makaburini Rusororo, Trinah atakuwa amekuja. Kabla hajarudi kwenye theluji, nendeni nyote watatu, kwenye gari langu lile la aibu. Watatu. Akikosekana mmoja msiende, ahirisheni mpaka mtakapoweza kukaa kwenye kiti kimoja cha nyuma bila kutuma mjumbe. Yule mtamba wangu anayechungwa na mpwa wangu kule Nyagatare, mtangulizeni kwa lori, awe amefika. Chupa ya mama yenu mwijaze. Mkifika, msitandike mkeka. Simameni nje, penye mti, mpige hodi, mngoje. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, atauliza ninyi ni nani. Nilipigana na makarani wa nchi nzima ili msiitwe hivyo, na pale peke yake nawaamuru kinyume. Semeni, sisi ni wageni. Msiseme ni kwetu, msiseme baba alizaliwa hapa, hilo analijua. Semeni wageni, akiwakaribisha ndipo muingie.

Kunyweni atakachowapa. Msikiharakishe. Neno msiliseme mkiwa mmeketi, mtamwogopesha. Ngojeni asimame awasindikize. Pale atakaposimama, hata kama ni mlangoni tu, hapo Conrad useme, wewe, kwa kinywa chako, kwamba baba yenu amechelewa kujibu na amewatuma: hatulichukui leo, wala mwakani, wala watoto wetu. Mkabidhini ng'ombe. Kwetu mtu akishakupa ng'ombe mmekuwa ndugu, harudi tena kukunyang'anya uwanja wa kumlishia. Mwambieni ajenge. Na kama matofali yale yameharibika kwa mvua na kwa miguu yenu, Conrad, wewe ni mtu wa ujenzi, una michoro mizuri, nadhani umenielewa.

Kisha... ngoja... kisha mkishamaliza msimwache pale. Geukeni, mumsindikize yeye, mpaka ndani kwake. Amesindikiza watu muda mrefu na kurudi peke yake.

Kuna jambo moja sikulipatia jibu. Siku ile mtini alisema pia hivi, "Mwaka ule ulipochelewa, nilitazama barabara mpaka shingo ikaniuma." Sijui alikuwa anaogopa nisije, au anaogopa nije. Nimelala hapa nikilifikiria. Nendeni mkamtazame uso... mtalijua ninyi. Na mwaka unaofuata, kama atawaambia rudini, rudini. Kama hatasema, basi nendeni mkaangalie maji, yanatosha kuwa kivutio.

Sauti inakwisha, nasikia mwenyewe. Sogea, Sangwa. Leteni mikono... na wa Trinah uwekeni hivyo hivyo, juu ya kioo. Mungu aliyetuvusha mto tukiwa hatujui kuogelea awavushe nanyi. Awape milango inayofunguliwa kabla hamjaeleza mmetoka wapi. Awape meza moja. Conrad, mjibu dada yako anapokupigia. Trinah, mpigie. Neema isipungue humu... hata nyumba ikiwa tupu.

Sasa nami mmenisindikiza vya kutosha, na mtu akisindikizwa husema kilichomleta. Habari ya shamba ilikuwa ya kuketi tu. Neno lenyewe ni hili... nilikuwa nimewakumbuka. Basi. Nilitaka niwaone mmekaa pamoja, mnakunywa chai.

Imebaki, hiyo chai? Wamiminie wenzako, Sangwa. Na Twahiru.

Hapa panatosha, wanangu. Rudini.